Ukweli Niliokuficha Ukiwa Kitandani

Mama yangu,

Hukutaka kupasuliwa. Ulisema uvimbe wa shingo haukuzuii kuchuma chai, nasi tukakucheka. Baba ndiye aliyetia kidole gumba kwenye karatasi ya hospitali ya kukubali upasuaji.

Ulirudishwa wodini ukiweza kupumua na kumeza, basi. Siku ya nne daktari alituita. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, nilimtafsiria Baba kwa lugha yetu, Ekegusii: mpira wa kukupa hewa ulitiwa mahali pasipo pake, ubongo ukakosa hewa.

"Kosa ni letu," alisema daktari. "Akipata fahamu, naye aambiwe. Mwili ni wake."

Nikamwahidi.

Nje, Baba alinishika mkono. "Mimi ndiye niliyemlazimisha. Wajomba zako watasema nimemuua. Tutasema amerogwa."

"Na nani?"

"Watamtafuta wenyewe."

Wakampata Kemunto, jirani na rafiki yako, aliyekuja kila asubuhi tangu turudi nawe nyumbani kukunywesha uji wa wimbi kwa kijiko, akikuimbia nyimbo za kanisani. Wakasema uji wake ndio uliokufunga ulimi. Walimfukuza hapa Manga kwa mawe, wakachoma nyumba yake mchana kweupe. Aliponiona alilia, "Mwalimu, waambie! Wewe ulikuwa hospitali!"

Nikatazama chini. Akaenda kwa kaka yake huko Masimba, jicho moja limepasuka. Hakumaliza mwaka, akafariki.

Nilikuogesha miaka mitano, Mama. Nilikusuka nywele, nikakusimulia habari za shule, na nani ameolewa kule Marani. Kila ulipoguna saa ya uji, nilikuambia Kemunto amesafiri. Nilijipa moyo kwamba huelewi, kwa hiyo sikudanganyi.

Wiki yako ya mwisho nilifunga mlango nikakuambia yote: mpira, karatasi, mawe. Nilipohamia upande wa pili wa kitanda, macho yako yalinifuata. Kisha yakajaa machozi. Kumbe miaka yote ulikuwa ukisikia? Hata Kemunto alipopigwa nje ya dirisha lako, ulisikia?

Baba alibisha, nikamfungulia. Akauliza mbona unalia.

"Ni moshi wa jikoni," nikamjibu, huku nikikufuta uso kwa kanga.

Ukafumba macho. Kwangu hukuyafumbua tena.

Siombi unisamehe. Lala, Mama.

Ni mimi, binti yako aliyetafsiri kila kitu isipokuwa kilio cha Kemunto.