Ganda la Pai Ni la Gathogo

Mpendwa Senge Emmy, shangazi yetu sote wa gazetini, naomba msaada, na kabla sijaendelea naomba jina langu lisitokee gazetini, kwa sababu huku kwetu mambo husambaa haraka kuliko moto wa mabua. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Saboti, na ni mtu wa chapati, hilo hata adui yangu hawezi kupinga, nakanda unga kwa maji ya vuguvugu mpaka jasho linanitoka, maana mama alinifundisha kwamba chapati ngumu ni ya mkono mvivu. Sasa shida ilianza Krismasi ya mwaka juzi, tulipata wageni wa kanisa na mume wangu Gathogo, ambaye anafanya kazi kituo cha kupoza maziwa na kabla hajanioa alikuwa mpishi katika hoteli moja Kitale, akaingia jikoni akatengeneza pai za nyama, Senge, ganda lilikuwa linavunjika mdomoni tabaka kwa tabaka, wageni wakauliza ni nani amepika, na mimi, sijui nilipatwa na nini, nikasema ni mimi. Gathogo alitabasamu tu akaendelea kuwagawia wageni pai, nikadhani yameisha.

Kumbe ndio yalikuwa yanaanza. Kila mkutano wa akina mama wanataka pai zangu, Gathogo anaamka alfajiri kuzitengeneza kabla hajaenda kazini, mimi nabeba sinia na kubeba sifa, mpaka mwezi uliopita Phelista, mwenyekiti wa akina mama kule Bungoma, akatutembelea, akala pai nne, akaniuliza kama mzee hunisaidia jikoni, na mimi nikitaka tu watu wacheke nikasema, "Yule? Yule hata maji ya chai huyaunguza." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kugeuka namwona Gathogo amesimama mlangoni na sinia ya pili, akaiweka mezani polepole, akatoka, na tangu siku hiyo hajagusa unga.

Sasa Phelista amenialika Bungoma, Jumamosi ijayo si hii, niwafundishe akina mama arobaini kutengeneza ganda la pai kwa mikono yangu mwenyewe, mbele ya macho yao, na mimi nikakubali bana. Nimejaribu mara kumi na moja, nakanda kwa nguvu zangu zote lakini ganda linatoka gumu ajabu, la mwisho nilimpa mbwa, akalinusa akaenda kulizika nyuma ya choo. Nikimwomba Gathogo anifundishe ananijibu, "Wewe ndiye mpishi. Mimi huunguza maji." Nimefikiria kujifanya mgonjwa, ama ninunue unga uliokandwa tayari kule supamaketi Kitale niufiche kwa kikapu, halafu nibadilishe wakiinamisha vichwa kuomba. Niambie ni lipi afadhali, maana nikiaibika Bungoma sitawahi kuonyesha uso wangu tena kanisani.

Ni mimi, Mke wa Mtu, Saboti.

MAJIBU YA SENGE EMMY

Mke wa Mtu, pole. Umeniomba nifiche jina lako, halafu umeandika jina la mume, kazi yake na mahali mnapoishi. Huko Saboti hata ng'ombe wa maziwa sasa wanajua ni wewe, kwa hivyo hiyo siri tuiweke kando.

Kwanza tumalize habari ya mbwa. Umekanda ganda la pai kama chapati, na hapo ndipo ulipoharibu. Chapati inataka kupigwa, ganda la pai linataka kuachwa. Siagi iwe baridi, maji yawe baridi, unasugua kwa ncha za vidole tu, ukiona unga umeshikana unaacha na kuuweka tena kwenye baridi. Dada yangu, hiyo ni kazi ambayo uvivu ungekuokoa, na wewe uvivu huna.

Lakini usikimbilie jikoni. Sijakuambia haya ili ukatambe Bungoma, nimekuambia ujue mume wako alikuwa akifanya nini kila alfajiri, vidole vimekufa ganzi, ili wewe usifiwe. Miaka miwili amekuachia sifa zake na hajakudai hata asante. Hakukasirika ulipojiita mpishi. Alikasirika ulipochukua kazi ya mikono yake kisha ukaicheka hiyo mikono mbele ya wageni, naye bado ameshika sinia. Mimi ningekuwa Gathogo, ile sinia isingefika mezani.

Ugonjwa wa uongo sahau. Mtu aliyekula pai nne kwako atakuja na gari zima la akina mama kukuombea, na utalala kitandani mchana kutwa ukiwekewa mikono. Na kudanganya watu wakati wamefumba macho kuomba, hata mimi nisiye mtakatifu nimeona haya.

Leo hii, kabla hajalala, mkalishe Gathogo mkiwa wawili. Usilete mzaha, usilete mchungaji. Mwambie hivi: "Nilikuibia mbele ya watu, nitakurudishia mbele ya watu." Kisha mpigie Phelista simu, Gathogo akiwa anasikia, umwambie mwalimu wa pai ni nani. Mume wako akikataa kwenda, ana haki yake, utaenda peke yako useme ukweli kwa mdomo ule ule uliosema uongo, halafu uwafundishe chapati. Akikubali, wewe ndiye utakayebeba unga, ukate siagi na kuosha bakuli. Wanaume wenzake wa kituo cha maziwa wakimcheka, wacha wacheke, watanyamaza wakionja.

Na wale akina mama arobaini wakianza kupiga makofi, usisimame, hayo si yako. Piga na wewe, kwa nguvu, kwa hiyo mikono yako ya chapati.