Ekseli ya Bi Mwanahawa

Temeke, Dar es Salaam

Dada yangu mpendwa Nakundwa,

Shikamoo dada. Kifua cha mama kimetulia na baridi hii ya huko Usangi? Watoto wako hawajambo? Sisi huku ni wazima, Penina ameanza kutembea kwa kushika ukuta, na joto tumelizoea kidogo. Mwilini sina ugonjwa. Ila moyoni nimepata wivu ambao sikuwahi kuujua, na huku sina wa kumwambia. Nakuandikia wewe.

Unakumbuka nilikueleza kwamba tumepanga chumba kwa Bi Mwanahawa, mjane wa hapa hapa Temeke. Si mzee, ametupita miaka michache tu. Marehemu mumewe alikuwa akiendesha teksi, na gari lake, la tangu kabla ya vita, lilikuwa limekaa bandani kando ya nyumba, ekseli ya nyuma imevunjika, kile chuma kinachozungusha magurudumu. Shemeji yako Eliamani, kama ujuavyo, ni fundi kwenye karakana huko Chang'ombe. Basi Bi Mwanahawa akamwomba alitengeneze, ili ampe dereva lifanye kazi tena. Akakubali kabla hata hajaniambia.

Tangu siku hiyo akirudi kazini hakai. Anakunywa chai amesimama, anavua shati, anaingia chini ya gari. Hilo ningelivumilia. Lililoniuma ni kwamba Bi Mwanahawa naye alikuwa hapo kila jioni, amekaa kwenye kigoda, akimpa spana. Anazijua zote, alifundishwa na marehemu. Eliamani ananyoosha mkono tu, hasemi neno, naye anampa ile ile anayoitaka. Mie nimeishi naye tangu arusi na sijapata kujua anataka nini kabla hajasema. Siku moja nilikuwa napepeta mchele mlangoni, nikawasikia wanacheka, nikaumwaga wote mchangani.

Usiku tukila nikamwambia, "Baba Penina, kumbe kucheka unajua."

"Tulikuwa tunazungumza habari za ekseli."

"Ekseli inachekesha?"

Akaendelea kula.

Jumamosi iliyofuata alikuwa ameinua gari kwa jeki, amelala chini yake akigonga ile ekseli mbovu iliyong'ang'ania ndani. Nami nilikuwa nimesimama pale, Penina mgongoni. Nilikwenda kuwachunguza, sikufichi. Ardhi ya huku ni mchanga mtupu. Nikaona jeki inalala taratibu, nami nikashindwa kupiga kelele. Bi Mwanahawa aliruka, akamshika Eliamani miguu yote miwili, akamvuta. Gari likaanguka pale pale kilipokuwa kifua chake. Alitoka na michubuko tu mgongoni.

Nililia sana, na majirani wakadhani nalia kwa hofu. Hofu ilikuwepo. Lakini dada, nilipoiona mikono ya yule mwanamke bado imeshika miguu ya mume wangu, nilimchukia mtu aliyeniokolea mume.

Kesho yake nilipotoka kanisani nikamfuata uani, anakuna nazi.

"Bi Mwanahawa, unamtaka mume wangu?"

Hakuacha kukuna. "Nikisema simtaki utaniamini?"

"Sijui."

"Basi sikiliza, mama Penina. Akimaliza kazi ananawa mikono, anaingia chumbani kwenu, mnafunga mlango. Nawasikia mnamwimbia mtoto. Mie nabaki na gari. Na likipona, nitabaki na gari hilo hilo. Sasa nani amwonee mwenzake wivu?"

Nikakaa, nikavuta ungo wake nikaanza kuchambua mchele.

Jioni zilizofuata nilikaa mimi kwenye kigoda. Bi Mwanahawa mwenyewe alinipisha, akawa ananitajia spana kwa sauti ya chini. Nilikosea mara nyingi, Eliamani akanung'unika. Lakini jeki tuliiweka juu ya ubao mpana, na ekseli aliyoitoa kwenye gari bovu moja la Chang'ombe ilipoingia mahali pake, nati zote zilikuwa mkononi mwangu.

Gari sasa linafanya kazi. Dereva, mzee mmoja wa Kizaramo, hulitoa asubuhi sie tukiwa kwenye chai. Likiondoka, Eliamani huacha kutafuna na kuinua kichwa. "Ekseli hailii," husema, ameridhika. Wakati huo huo Bi Mwanahawa anamuaga dereva, na sauti yake huingia chumbani pamoja na ule mngurumo. Mie humtazama mume wangu usoni nijue anasikiliza kipi.

Nisalimie mjomba mwalimu na mke wa kaka, na shangazi aliyenifunga kanga siku ya arusi. Mama akikuomba umsomee barua hii, msomee habari za Penina, kisha uikunje.

Ni mimi mdogo wako,
Namsifu