Sauti Mbili za Mwanaume wa Leso

Malvern, Jumapili jioni

Deo wangu,

Leo kwenye shajara yangu nimeandika tarehe, nikakwama hapo. Yaliyobaki nimeona nikuandikie wewe mwenyewe.

Tulikuzika Alhamisi, mvua ikinyesha. Mchungaji alisema ulikuwa kijana mwema, Mungu amekuita kabla hujapata mke. Kaka yako Justin, aliyesafiri kwa basi kutoka kwenu Uvira, akaitikia amina. Mimi nilitambulishwa kama "mwenzake wa chumba", nikakaa nyuma na majirani. Miaka yetu yote, Deo. Nikakaa nyuma.

Chumba chako cha kushonea kimefungwa. Nikipita Jules Street kwenda lindoni, wateja wananisimamisha kuuliza suruali zao. Hawaniulizi kingine.

Nazikumbuka zile filamu za zamani, zisizo na rangi, ulizowatafsiria wateja wakisubiri nguo. Sauti zote ulizitoa wewe, kama ulivyofanya kwenye vibanda vya video kule Uvira. Karibu kila filamu alikuwemo yule mwanaume wa leso yenye manukato, mwenye mwendo wa madaha. Uliniambia enzi zile ilikatazwa kutaja kwamba anapenda wanaume, ndiyo maana wakampa leso. Ukimfikia, ulibana pua, sauti ikawa nyembamba. Mama Riziki, muuza vitenge, alipiga meza: "Eish, Deo, huyo umushonee gauni!" Watu wakacheka mpaka machozi. Na wewe ukacheka, pini zikiwa mdomoni.

Tukifika nyumbani uliiwasha filamu ileile, ukamtafsiri upya kwa sauti yako ya kawaida. Maneno yalikuwa yaleyale, lakini hakuwa kichekesho tena. Alikuwa mtu aliyechoka, anayempenda mwenzake na hana wa kumwambia. Halafu, kabla hajafa, ulizima. Kila mara.

"Huyu wanamuua kila filamu," ulisema. "Kwetu leo analala salama."

Jana nilitazama moja peke yangu hadi mwisho. Alijipiga risasi. Wakambeba, mlango ukafungwa, wengine wakarudi kwenye karamu yao. Hakuna aliyeuliza kama kuna mtu amebaki chumbani kwake.

Wewe, mapafu yako hayakunipa nafasi ya kuzima kabla ya mwisho.

Jumamosi Justin anakuja kuchukua vitu vyako. Siku ya mazishi alisimama mlangoni petu, akatazama kitanda kimoja na mito miwili, akatoka nje kuvuta sigara. Nikimwambia ukweli anaweza kunipiga. Anaweza kulipeleka jambo hili kanisani, na nyumba hii ni ya shemasi. Shemasi akisikia, sitalala humu tena. Nimeyapima yote.

Pumzika, Deo. Jumamosi, kabla hajagusa shuka, nitamwambia mimi nilikuwa nani kwako. Sitabana pua. Nitasema kwa ile sauti yako ya nyumbani.

Wako, na sasa nitaonekana kuwa wako,

Amani