Mkubwa wa Boma

Jumatatu, 3 Februari
Migori. Nimetoa karatasi za mimea kwenye friza, kama kila Jumatatu. Baridi huua wadudu wanaotafuna mimea mikavu. Nimezirudisha kwenye makabati ya hebaria, hifadhi yetu ya mimea iliyokaushwa, moja moja mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha nikaenda dirishani kutazama makopo. Kutazama tu, bila matumaini.

Imeota!

Mbegu ile niliitoa mwezi jana kwenye karatasi yenye umri mkubwa kuliko wangu. Mmea unaotambaa, wa jamii ya kunde, uliochumwa kisiwani Rusinga na mtu aliyekwisha kufa. Haujaonekana tena porini. Chuo kizima tuna karatasi hiyo moja. Nilizikwaruza mbegu zake kwa kikata kucha, nikaziloweka katika maji ya uvuguvugu. Nyingine zote zimeoza. Hii moja imekaa miaka yote hiyo ikibanwa kwenye karatasi, haina udongo, haina tone la maji, na bado ilikuwa hai. Nimeketi sakafuni. Profesa mzima, nalia mbele ya kopo la mafuta ya kupikia.

Jumatatu, 24 Februari
Majani matano. Siwezi kuupita bila kusimama.

Hapa chuoni hautaishi. Udongo wetu ni mweusi, unashika maji, nao ni mmea wa mawe. Lebo inasema: mteremko wa mawe, Rusinga. Mteremko ule umelimwa karibu wote. Kipande kilichobaki kiko nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu. Mahali ninapoanika nguo kila Desemba! Nimecheka peke yangu.

Jumatano, 12 Machi
Mvua imeanza. Mzizi umechungulia chini ya kopo. Mimea ya aina hii haipendi kuhamishwa-hamishwa. Nitauhamisha mara moja tu, na wakati ni huu.

Lakini mama mkwe amelazwa hospitalini Homa Bay. Nimonia. Na kwetu Waluo mwenye boma ndiye anayetangulia kupanda, kisha wake za wanawe kwa ukubwa wao. Mimi ndiye wa mwisho. Mashamba yote ya boma yamelimwa, yanamngoja mgonjwa mmoja.

Nimempigia simu Akinyi, mke wa shemeji yangu mkubwa. Nikamwambia haya si mahindi.

"Prof, usithubutu. Hata kama ni maua tu. Unataka kutuletea chira hapa nyumbani?"

Nimekasirika sana. Mzizi naujua ndani na nje. Hiyo laana ya chira sijawahi kuiona, na bado naiogopa.

Jumatatu, 17 Machi
Majani mawili yamekuwa ya njano.

Homa Bay, hospitalini. Mama amekonda, anapumua kwa mrija wa oksijeni. Nimeona haya: nimekuja kumwona yeye, akili iko kwenye kopo. Mwishowe nikamweleza yote, nikamwonyesha picha ya ile karatasi. Nilidhani ataujua mmea.

"Sijauona maisha yangu, nyar Kanyamkago." Huniita hivyo, binti wa Kanyamkago, kwa jina la kwetu. Akalala.

Jumatano, 19 Machi
Jani jingine limeanguka. Ningeweza kuvuka kwenda Rusinga, nichimbe shimo, nirudi. Nani angeniona? Nimechukua funguo za gari. Nimezirudisha.

Ijumaa, 21 Machi
Mama ametolewa hospitali. Tumevuka daraja la Mbita, yeye kiti cha mbele, mimi nyuma na kopo mapajani. Kesho ni Sabato na yeye ni Msabato wa kweli, jembe halitaguswa. Mmea umelala upande.

Jumapili, 23 Machi
Tumembeba mama kwa kiti hadi ukingoni mwa shamba, pale mteremko wa mawe unapoanza nyuma ya nyumba yake. Wake wote tumesimama nyuma na mbegu zetu. Akinyi amemshikisha jembe, mtama uko kwenye kibuyu. Mama hakuinama. Alikuwa akilitazama kopo langu.

"Huo ulichumwa hapa lini?"

Nikamwambia. Kabla yeye hajaolewa. Kabla baba mkwe hajajenga boma hili.

Akanyoosha kidole, akaligusa jani moja. Akinyi akakohoa.

"Basi huyu si mgeni," mama akasema. "Huyu alikuwa hapa kabla yangu. Nitamtangulia vipi mkubwa wangu?" Akanipa jembe. "Mpande. Mimi nitafuata."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu mimea. Sijawahi kusikia mtu akiupa mmea haki yake namna ile. Nilichimba kati ya mawe, nikaupanda. Nilipomaliza kushindilia udongo, mama akadondosha mtama wake. Kisha Akinyi, kisha wengine. Mimi mwisho, kama ipasavyo. Hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 3 Aprili
Migori. Mvua mchana kutwa. Nimesahihisha mitihani ya mwaka wa pili, mibovu.

Jioni Akinyi amepiga simu. Mtama umechomoza. Kule kwenye mawe kuna majani mapya mawili. Mama anatembea kidogo kwa fimbo, na kila asubuhi, kabla ya chai, huenda nyuma ya nyumba kumwamkia mkubwa wake.