Ukurasa Usiojua Shikamoo

Jumatatu, 3 Juni
Naanza na salamu, bila salamu mkono wangu haushiki kalamu. Bibi mzima, kikohozi kimepungua. Baba Rehema mzima, yuko Tindiga anavuna mpunga. Mbuzi wazima. Mimi mzima, mgongo tu. Nimefyatua matofali mpaka adhuhuri. Rehema hajapiga simu. Yuko Mikumi, anatengeneza tovuti ya nyumba ya wageni. Kazi yake ya kwanza ya maana.

Jumanne, 4 Juni
Kanitumia ukurasa niujaribu. Nikajaza jina, nikajaza mwaka wa kuzaliwa. Ukaniandikia: Mambo vipi, Asha.
Mimi. Mambo vipi. Nimeudhika. Sikumwambia.

Jumatano, 5 Juni
Laiti ningemwambia jana. Mwenye nyumba ya wageni, mtu mwenye mvi kichwa kizima, naye kaufungua, naye kaambiwa mambo vipi. Mbele ya wageni wake. Kampa Rehema mpaka Ijumaa, la sivyo kazi anapewa mwingine. Mwanangu kalia kwenye simu.
Kanieleza. Ukurasa ni mmoja kwa watu wote, una pengo la jina, kompyuta inajaza. Sasa njia ni mbili. Ukurasa wenyewe uwe na akili, uulize huyu mzee au kijana, asubuhi au jioni. Kajaribu, maswali yamezidi, akigusa hapa kunaharibika pale. Au ukurasa ubaki bubu. Bubu atasalimiaje, hata yeye hajui. Nikawa naitikia ndiyo, ndiyo. Ndiyo ya nini? Mimi wa darasa la nne.

Alhamisi, 6 Juni
Wali umeungua. Bibi kauliza, "We Asha, unaongea na nani huko?" Nikasema na kalibu ya kufyatulia matofali. "Ikikujibu uniite."
Nikampigia Rehema. Huo ukurasa wako ni kama kalibu? Kasema ndiyo, kama hiyo. Basi kalibu yangu haijui tofali hili la jiko au la ukuta. Haiulizi. La jiko natia pumba, nachanganya pembeni, udongo ukiwa tayari ndio unaingia. Kalibu ile ile.
Nikasikia anagonga vitufe, hanisikilizi tena. Nikajua nimemkera. Kisha, "Mama, ngoja kwanza." Akakata. Ningoje nini?

Ijumaa, 7 Juni
Kimya. Nimezidisha maji, matofali ya asubuhi yamelala kama uji. Sijui nimemsaidia au nimemponza. Nani kanituma kuzungumzia kompyuta. Mwanangu, leta neno upesi, hata moja.

Jumapili, 9 Juni
Bibi kalala. Ujumbe umekuja. Kazi bado ni yake. Salamu anaichagua pembeni kwanza, kwa mwaka wa kuzaliwa, ikiwa tayari ndio anaitia kwenye pengo. Ukurasa wenyewe hauulizi huyu mzee au kijana. Sijaelewa yote. Kasema nifungue.
Nikanawa udongo, nikafungua.
Shikamoo, Bi Asha.
Nikaitikia marahaba, kwa sauti, uani peke yangu.