Elisante Haingii Kwenye Ile Nyambizi

Baba Neema,

Neema ameacha ziwa. Siku tatu tumelia, yeye na mimi. Ulisema utakuwepo.

Nakuandikia kwa sababu bosi wako alipiga simu toka Tanga. Anamtaka mdogo wako Elisante ashike kazi yako. Anasema ile nyambizi ya plastiki mliyokuwa mnashushia watafiti kuangalia matumbawe ni nzima. Wavuvi walipolipua baruti, wageni wawili waliokuwa ndani walitoka wakitembea. Wewe uliyekuwa nje, majini, ukifunga kamba, tukaletewa ukiwa kwenye sanduku. Nilikutafuta jeraha. Sikuliona hata moja.

"Plastiki ile ni kiboko," bosi akamwambia Elisante, akamtumia na picha. Mama yako akapiga vigelegele hapa Akheri.

Unakumbuka tukiwa Ngarenaro, ulivyokuja na kipande cha plastiki hiyo, kinene kama kiganja, ukakipiga nyundo mbele ya jiko langu? Nikakucheka, "Fundi, mbona hakikujali!" Ukakigeuza juani. Vimistari kama nywele, kuzunguka tundu la bolti. Ukasema bahari ikiibana pande zote plastiki inavumilia, hata kwenye kina kirefu. Ila mlipuko unasukuma halafu unavuta ghafla, na kuvutwa ndiko isikokuweza. Inaweza kupona leo, ikapasuka siku nyingine kwenye maji yaliyotulia.

Vimistari hivyo viko kwenye picha, pale plastiki inapokutana na chuma. Nikampigia bosi, nikamwambia ipimwe kwanza. Akacheka. "Dada, wewe umesomea wapi?" Kwa mume wangu, nikamjibu. Akakata.

Elisante alishafunga begi. Nimemwonyesha picha, nikamwambia mbele ya mama yako, "Shemeji, huendi." Begi nimelifungua mwenyewe, nguo nikazirudisha kwenye kamba. Mama anasema nimewazibia riziki. Tangu jana hanisemeshi, anakula kwa jirani. Nimechoka, siwezi kubishana na mtu anayelia.

Kesho nampigia bosi tena. Akimkosa Elisante atachukua mwingine, na huyo naye ana kwao.

Pumzika, mume wangu. Siku ile unaondoka nilikupigia pasi shati, nikakusindikiza mpaka stendi. Sikukuzuia. Huyu nitamzuia, hata akinichukia mpaka uzeeni. Bora awe na huo uzee.

Mama Neema wako