Si Mkamburi Aliyegusa Ruta

Voi, Jumanne

Dada Wakesho,

Nakusalimu wewe, shemeji na Mama. Miguu ya Mama imepungua kuvimba? Na maji ya mfereji huko Mata mmepata, au bado mnagombania zamu? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo umejaa kinyaa. Najua Mkamburi ameshafika kwako na begi lake. Sijui mwanao amekuambia nini, kwa hivyo acha nikuambie mimi.

Unajua kazi tunayofanya hapa nyumbani ni kuchapisha vijitabu vya mazishi. Yeye hupanga picha na wasifu wa marehemu kwenye kompyuta yake, mimi nachapisha, na vyombo vyote vinaongea kupitia ruta, kile kisanduku cha waifai ya nyumba. Ijumaa asubuhi tulikuwa na kazi ya marehemu mwalimu mmoja mzee wa Mwatate. Binti yake alikuwa ameketi sebuleni akingoja, maana mwili ulikuwa umeshatoka mochari. Tukabonyeza. Printa haionekani. Kompyuta yangu haioni ya Mkamburi, na yake haioni yangu.

"Umeshika setingi za ruta?" nikamuuliza.

"Hapana, mjomba."

"Jana ulikuwa unafanya nini hapa?"

"Nilikuwa napanga picha za mwalimu."

Nikamwita mwongo mbele ya yule mfiwa. Nikaongeza kwamba kuharibu kazi za watu ni tabia ya kwao. Kwao ni kwako, dada. Nililisema, na naliandika ili usilisikie kwa mtu mwingine.

Mfiwa aliondoka mikono mitupu. Nasikia wasifu ulisomwa kwenye simu, ikazimika katikati. Mkamburi alikunja nguo zake, akafagia chumba, akaenda.

Jumamosi nilimwita Halima, jirani yangu ambaye ni fundi wa kompyuta. Hata ruta hakuigusa. Alifungua ile programu ya kuzuia virusi, akasoma kidogo.

"Hii ilijisasisha yenyewe Alhamisi," akasema. "Imeuhesabu mtandao wa nyumba yako kuwa wa watu baki, kama ule wa hotelini. Ndiyo maana imezuia vyombo vyako visionane."

"Nani aliiruhusu?"

"Hakuna. Lakini imekuachia ujumbe. Soma."

Nikasoma: *Sasa uko salama zaidi.*

Dada, nilitaka kutema mate. Niliiweka mwenyewe ilinde kazi yetu. Imeingia nyumbani mwangu, imevuruga vitu bila hodi, kisha inanipongeza. Halima akabadilisha neno moja tu, mtandao ukahesabiwa tena kuwa wa nyumbani. Printa ikaamka, ikaanza kutoa vijitabu vya mwalimu, sura yake moja baada ya nyingine, na mtu ameshazikwa. Nikachomoa waya ukutani.

Hiyo takataka nimeiondoa. Lakini si yenyewe iliyomwita mwanao mwongo. Hicho kilikuwa kinywa changu, na ndicho kinachonichukiza zaidi.

Jumapili nilivipeleka vijitabu Mwatate, nikamwomba radhi yule binti wa mwalimu, nikamweleza kilichotokea. Akavipokea, akaviweka kando bila kufungua.

"Na yule msichana," akaniuliza, "umeshamwambia?"

Nimempigia Mkamburi, hapokei, na simlaumu. Ndiyo sababu nimemkabidhi jirani mwingine anayekuja huko Taveta barua hii, ikufikie kabla sijafika.

Mpe Mama pole ya miguu. Msalimie shemeji, na shangazi yetu aliyeolewa Bomeni, mwambie sijamsahau.

Nakuja Jumamosi. Nilimchafua mwanao mbele ya mtu, kwa hivyo nataka kumsafisha mbele ya watu. Mwombe shemeji asiende shambani asubuhi hiyo, na Mama atolewe kiti nje. Usimlazimishe Mkamburi kunisalimu. Akitaka kubaki chumbani, abaki. Nitasema nikiwa mlangoni, kwa sauti ya kumfikia.

Ni mimi ndugu yako niliyekukosea,

Mwakio